Kweli gemu moja ya E.T. ndio iliua Atari na soko zima la Marekani?

Chogo255

Wakuu habarini za jioni. Nimeangalia video moja Yutubu ya historia ya gemu, jamaa anasema mwaka 1982 Atari walitoa gemu ya E.T., ile ya filamu ya Spielberg, ikawa mbovu balaa, watu wakarudisha madukani, Atari wakaona aibu wakaenda kuzifukia kaseti jangwani kimyakimya, afu kuanzia hapo biashara ya gemu Marekani ikafa mazima mpaka Nintendo walipokuja. Sasa mi najiuliza, gemu MOJA tu inaangusha nchi nzima? Yani leo kampuni itoe gemu ya mpira mbovu ndio konsoli zote ziache kuuzwa? Haiingii akilini.

La pili, kule kwenye komenti watu wametoana macho, wengine wanasema Atari ndio walioanzisha gemu za video, wengine wanasema kuna mzee wa asili ya Ujerumani ndio baba yao. Nani mkweli hapo? Wanaojua waje watiririke, na tafadhali msinipe majibu ya mstari mmoja.

Mzee wa Kaseti

Kijana karibu. Ngoja nianze na la pili, hilo la E.T. kuna dada humu analijua kuliko mimi atakuja tu.

Ukitaka kitu cha zamani kabisa ambacho watu wawili wanacheza wakiangalia kwenye kioo, nenda 1958, maabara ya Brookhaven jimbo la New York, mwanafizikia anaitwa William Higinbotham. Maabara ilikuwa na siku za kupokea wageni, yeye akaona hawa wageni wataboreka kusoma vibao vya maelezo, akaunganisha kompyuta ya analogi na osiloskopu akatengeneza tenisi, unauona uwanja kwa ubavuni na mpira unaruka juu ya wavu. Watu wakapanga foleni. Huyu bwana wakati wa vita alifanya kazi ya elektroniki za bomu la atomiki, kwahiyo kwake hiyo tenisi ilikuwa ya kuchangamsha wageni tu, hakuchukua hataza wala nini, baadae vifaa vikafunguliwa vikafanya kazi nyingine.

1962 vijana wa MIT, Steve Russell na wenzake, wakatoa Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1, meli mbili za anga zinapigana huku nyota iliyo katikati inazivuta. Gemu tamu kweli ila mashine yenyewe iliuzwa kama dola 120,000 za enzi hizo, nani anaweka sebuleni?

Kwenye sebule sasa ndio anaingia huyo mzee wenu wa asili ya Ujerumani. Ralph Baer, familia ya Kiyahudi, walikimbia Ujerumani 1938 yeye akiwa kijana, akaja kuwa injinia wa Sanders Associates kule New Hampshire, kampuni ya vifaa vya kijeshi yani haihusiani kabisa na michezo. 1966 akapata wazo kwamba Wamarekani wana TV mamilioni majumbani na kazi yake ni kutazama tu, kwanini mtu asiichezee? Akakaa na Bill Harrison na Bill Rusch wakatengeneza mashine moja baada ya nyingine mpaka wakafika kwenye boksi walilolibandika karatasi ya rangi ya mbao, ndio maana likaitwa Brown Box (boksi la kahawia). Magnavox wakachukua leseni, 1972 likatoka sokoni kwa jina la Odyssey.

Hiyo Odyssey ukiiona leo utacheka. Haina sauti, haina rangi, haina hata prosesa, ni transista na daiodi tupu. Inatoa vidoti vyeupe na mstari. Ukitaka uwanja wa tenisi au nyumba ya mizimu unachukua plastiki yenye picha unaibandika kwenye kioo cha TV, na magoli unahesabu mwenyewe kwa mdomo!! Ndani ya boksi walitia na dadu, karata na hela za bandia. Afu watu wengi wakaelewa vibaya wakadhani inafanya kazi kwenye TV za Magnavox peke yake, hilo liliwaumiza.

Haya, Nolan Bushnell, huyo ndio mwanzilishi wa Atari. Huyu na Ted Dabney walishatoa mashine ya kutumbukiza sarafu 1971 inaitwa Computer Space, haikutikisa sana. Mei 1972 akaenda kwenye maonyesho ya Magnavox mji wa Burlingame, California, akaicheza tenisi ya Odyssey, na AKASAINI KITABU CHA WAGENI. Mwezi uliofuata yeye na Dabney wakafungua Atari, wakamwajiri injinia Allan Alcorn, kazi ya kumpima mkono ikawa atengeneze gemu ya tenisi. Ndio Pong hiyo. Wakaiweka baa ya Andy Capp's Tavern pale Sunnyvale, baada ya muda kidogo wanapigiwa simu mashine yenu imekufa njooni, Alcorn kufika anaifungua anakuta mashine nzima kabisa ila sarafu zimejaa hadi haipokei nyingine.

1974 Magnavox wakawapeleka mahakamani na kile kitabu cha wageni kikawatoa jasho, 1976 wakamalizana, Atari akakubali kulipia leseni. Kwahiyo kwa karatasi baba ni Baer, kwa pesa baba ni Bushnell, Higinbotham ni babu aliyelima shamba hakukata hati.

dada_koda

Mzee shikamoo, hapo kwenye kitabu cha wageni huwa nacheka kila nikisoma, yani jamaa kaacha ushahidi kwa mwandiko wake mwenyewe.

Chogo nakuja kwako. Hiyo video imekupa nusu ya habari na nusu yenyewe ni ile inayochekesha. Mi naona E.T. inasingiziwa, tatizo lilikuwa hakuna aliyeshika mlango, na lilianza miaka mitatu kabla.

1976 Warner Communications wakainunua Atari kwa dola milioni 28, 1977 ikatoka konsoli ya VCS ambayo baadae ndio ikaitwa 2600. Ilisuasua mwanzoni. 1980 wakaileta Space Invaders ya Wajapani wa Taito kwenye hiyo konsoli na watu wakawa wananunua konsoli kwa ajili ya gemu hiyo tu, hela zikamiminika. Bushnell keshaondoka tangu 1978, bosi sasa ni Ray Kassar katokea kwenye viwanda vya nguo. Kipindi hicho programa mmoja anaandika gemu nzima peke yake, michoro yeye, sauti yeye, kila kitu, gemu inaingiza mamilioni ya dola afu yeye ana mshahara wake wa mwezi na jina lake halipo hata kwenye boksi. Warren Robinett alichofanya akaficha chumba ndani ya gemu yake ya Adventure, ukikipata unakuta jina lake limeandikwa, na mabosi hawakujua mpaka kaseti zimeshauzwa. Wengine hawakuficha chumba, waliondoka. David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan wakaenda kuanzisha Activision 1979 pamoja na Jim Levy.

Sasa hapa ndio pa kukaza macho. Kabla ya Activision hakukuwa na kitu kama kampuni nyingine kutengeneza kaseti za konsoli ya mwenzie. Atari wakashtaki, 1982 wakayamaliza kwa Activision kulipa mrabaha. Basi ikajulikana inawezekana. Na VCS ilikuwa haina kufuli la aina yoyote ndani, ukishaelewa inavyofanya kazi unatengeneza kaseti yako unapeleka dukani, Atari hana uwezo wa kuizuia isiwake. Activision wenyewe gemu zao zilikuwa kali, Pitfall! ya Crane hadi leo inachezeka, ila waliofuata nyuma yao mmh. Quaker Oats, hao hao wa oti za uji, walikuwa na kitengo cha gemu. Purina wanaouza chakula cha mbwa walitoa gemu unampeleka mbwa kwenye gari la chakula. Sitanii jamani.

Ukiingia duka la midoli mwishoni mwa 1982 ukuta mzima ni kaseti, hujui ipi nzima ipi uchafu, hakuna intaneti ya kuuliza, kuna mchoro wa kuvutia juu ya boksi basi. Na utaratibu wa biashara ile mzigo usipouzika duka linamrudishia mwenye kampuni. Sasa vikampuni vidogo vikirudishiwa mzigo havina hela ya kulipa, vinafunga milango, duka linabaki na kaseti linazimwaga kwenye kapu dola 5 wakati mpya nzuri ni dola 30 na zaidi. We mzazi una watoto wawili wanalia gemu, utachukua ipi? Hata Activision wenye gemu nzuri wakawa hawauzi kwa sababu ya lile kapu.

Atari wenyewe nao hawakukaa vizuri. Machi 1982 wakatoa Pac-Man ya VCS, kaseti ya kilobaiti 4, mizimu inapepesa kama taa mbovu na haifanani na ile ya mashine za sarafu hata kidogo. Ikauza zaidi ya milioni 7 ndio, lakini walizalisha nyingi kuliko hizo. Somo hawakulichukua. Julai wakanunua haki za E.T., kiasi kinachotajwa ni dola milioni 20 hadi 25, na inatakiwa iwe dukani Krismasi, kwahiyo Howard Scott Warshaw akapewa wiki 5. WIKI TANO. Gemu za kawaida watu walikaa nazo miezi. Na Warshaw hakuwa kilaza, gemu ya Yars' Revenge ni ya kwake. Wakazalisha kaseti kama milioni 4, zikauzwa kama milioni 1.5, na hiyo milioni na nusu kwa gemu yoyote nyingine ya kipindi kile watu wangefungua shampeni. Aliyekosea ni aliyepiga hesabu ya kuzalisha na kununua haki, kuliko aliyeandika programu ya gemu.

Na kitu kinachoimaliza kabisa hiyo hadithi ni tarehe. 7 Desemba 1982 Warner walitangaza kwamba mauzo yatakua kwa asilimia 10 hadi 15 badala ya 50 waliyokuwa wanaiimba, kesho yake hisa zao zikaporomoka kama theluthi. Hiyo Desemba E.T. ndio kwanza inaingia madukani, watoto hata hawajafungua zawadi! Sasa gemu ambayo haijachezwa ilishushaje hisa?

1983 Atari akapata hasara dola milioni 536, na 1984 Warner akakiuza kitengo cha majumbani kwa Jack Tramiel. Huyu Tramiel ni yule aliyekuwa bosi wa kampuni ya kompyuta ya Commodore, na Commodore 64 ilitoka 1982 kwa dola 595, mwaka uliofuata imeshuka hadi kama 200. Mzazi anajiuliza ninunue kidude cha kuchezea au kompyuta inayocheza gemu na mtoto anafanyia homuweki? (homuweki hazikufanywa tunajua wote.)

Ya jangwani ni kweli, Septemba 1983, dampo la Alamogordo jimbo la New Mexico. Kimyakimya haikuwa, gazeti la palepale na New York Times waliandika mwezi huohuo. Aprili 2014 wakafukua wakatoa kaseti kama 1,300, aliyesimamia kufukia zamani akasema zilizozikwa ni kama 728,000, na hazikuwa E.T. peke yake, kuna Pac-Man, Centipede, kuna mpaka gemu zilizouza vizuri. Yani walikuwa wanasafisha ghala tu.

kibe_254

Mko sawa kabisa lakini mnaongea kaseti, kaseti, na hakuna mtu ametaja mwenye alileta kaseti. Hiyo si poa.

Jerry Lawson. Mmarekani mweusi, alizaliwa Brooklyn 1940, akakulia Queens, toka akiwa mdogo alikuwa anarepea TV za watu na kucheza na redio. Akaenda Fairchild, kampuni ya semikondakta (chipu) hapo Silicon Valley, na kando ya kazi akajenga mashine yake ya gemu ya sarafu kwa garaji ya nyumbani, Fairchild walipojua badala wamfute wakampatia kitengo cha gemu asimamie. 1976 wakatoa Channel F, hiyo ndio konsoli ya kwanza yenye kaseti za kuchomoa na kuchomeka zenye programu ndani. Before hapo ukinunua mashine ya Pong ni Pong utacheza hadi ikufe. Wazo la kwanza lilitoka kampuni ingine inaitwa Alpex, lakini hiyo yao ilikuwa kitu ya maabara, timu ya Lawson ndio walifikiria mtoto akichomeka mara elfu itakaa aje, na umeme tuli je, na serikali inataka mashine isivuruge mawimbi ya TV za majirani. Ilikuwa hata na batani ya kusimamisha gemu uende ukule urudi.

Channel F haikuuza sana, VCS ikaifunika. Lakini buda hebu waza, hakuna kaseti hakuna Activision, hakuna Activision hakuna hiyo kapu ya dola 5. Huyu mzee alikuwa pia kwa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenda kompyuta, na akina Wozniak wa Apple, na karibu hakuna mtu nje ya hiyo kazi alijua jina lake hadi mwaka wa kufa kwake, 2011.

Chogo255

Aisee nimejifunza vitu hapa kuliko video ya dakika arobaini. Kibe huyo Lawson sikuwahi hata kumsikia, asante kaka.

Sasa kama maduka ya Marekani yalishaapa hayataki kusikia gemu, Nintendo walipitia wapi? Na Japani na Ulaya nako soko lilikufa au ni Marekani tu?

Mzee wa Kaseti

Ni Marekani kijana (na Kanada). Wamarekani wakiumwa kichwa wanaandika dunia inaumwa. Julai 15, 1983, wakati Atari anavuja damu, Nintendo ndio wanaitoa konsoli yao ya Famicom kule Japani na inauzwa vizuri. Uingereza watoto walikuwa wanacheza kwenye ZX Spectrum iliyotoka 1982, gemu zinakuja kwenye kanda za kawaida kama za muziki, unaiweka kwenye redio kaseti inapiga kelele dakika kadhaa ndio gemu inaingia, bei rahisi na watu wanarekodiana. Hao habari za Alamogordo haziwahusu.

Nintendo yenyewe kampuni ya Kyoto tangu 1889, walianza na karata. Kuingia Marekani waliingia kijanja. Oktoba 1985 wakaanza na New York tu, na hiyo Famicom hawakuiita mashine ya gemu za video, wakaiita Nintendo Entertainment System (NES), kaseti unaichomeka kwa mbele kama deki ya video ili mwenye duka asikumbuke Atari. Wakaongeza na karoboti kanaitwa R.O.B. ili ionekane ni midoli. Na maduka wakaambiwa chukueni, isipouzika tunaibeba wenyewe. Karoboti kenyewe kalikuwa na gemu mbili tu na kanachosha, kazi yake ilikuwa kuvuka mlango wa duka basi. Nyuma yake kuna Super Mario Bros. ya Miyamoto, hiyo haikuhitaji roboti.

Ila ujanja mkubwa ndio ule dada anaosema wa mlango. NES ya Marekani iliwekwa chipu ya kufuli, kaseti isipokuwa na chipu mwenzie mashine inajizima na kuwaka bila kukoma. Ukitaka kutengeneza gemu unaenda kwa Nintendo, wanakukagua, wanakuzalishia kaseti wao kwa hela yako, na kwa mwaka unaruhusiwa gemu tano tu. Makampuni yalilalamika sana, mimi pia naona walibana kupita kiasi, lakini kapu la dola 5 halikurudi.

Sasa sikia hii, Famicom ya Japani haikuwa na hiyo chipu. Ndio maana ilinakiliwa kirahisi mpaka ikajazwa kwenye chipu moja, na ndio zile TV game tulizouziwa Kariakoo miaka ya tisini, kaseti ya njano, imeandikwa 9999 kwa 1, ukifungua gemu ni zilezile zinajirudia majina tofauti. Bastola ya bata mnaikumbuka? Hiyo yote ni Famicom, jina la Nintendo halipo popote kwenye boksi.

kichwa_ngumu

Nawasoma toka asubuhi. Sawa tarehe ni tarehe, hisa ni hisa, ila dada_koda usitake kutuambia E.T. ilikuwa gemu nzuri. Nimeicheza. Unatembea hatua tatu unadumbukia shimoni, unatoka, unadumbukia tena lilelile. Mtoto aliyeletewa hiyo Krismasi hakuhitaji kujua hisa za Warner zimeshuka, yeye alishakata tamaa na Atari palepale, na akina huyo walikuwa milioni moja na nusu. Hiyo haina mchango?

dada_koda

Ina mchango, sijakataa. Nakataa kuitwa muuaji peke yake. Pac-Man iliwaudhi watoto wengi zaidi na hakuna anayeitengenezea video za kutisha, kwa sababu haina dampo la jangwani.

Kuhusu mashimo, unadumbukia kwa sababu gemu inapima kigusano kwa pikseli, kichwa cha E.T. kikigusa ukingo wa shimo umeingia hata kama miguu iko mbali, Warshaw angepata wiki moja ya kuwapa watu wajaribu angeliona hilo. Kuna watu wameshairekebisha programu ya hiyo gemu na kuitoa bure mtandaoni na ni mistari michache tu imebadilika.

Chogo ukitaka kujaribu tafuta emuleta (programu ya kuchezea gemu za Atari kwenye kompyuta) inaitwa Stella, ni bure. Anza na Adventure, tafuta chumba cha Robinett bila kuangalia majibu. Ukija kwenye E.T. soma kwanza kijitabu cha maelekezo, zile alama zinazobadilika juu ya kioo ndizo zinakwambia uliposimama unaweza kufanya nini, na ukipanda kutoka shimoni geukia pembeni kabla hujaachia, usiendelee kusukuma juu.

Chogo255

Nimeishusha tayari. Shimo la kwanza nimetoka, la pili nipo humo sasa hivi.